Nondo na Moto wa Kuchomelea



Nondo ikikatika, wengi husema ilikuwa nyembamba. Yawezekana sababu imo ndani. Chuma kinapoyeyushwa kiwandani hubakiwa na chembe ndogo zisizo metali, za salfaidi na oksaidi. Kinapofinyangwa kuwa nondo, chembe za salfaidi hurefuka mithili ya nyuzi, na ufa waweza kuanzia hapo. Chuma chakavu kisiposafishwa vema wakati wa kuyeyushwa, chembe hizo huzidi.

Moto wa kuchomelea nao una athari yake. Sehemu iliyo kando ya kiungo hupata joto kali, kisha hupoa ghafla. Chuma chenye kaboni nyingi huwa kigumu hapo, lakini huvunjika upesi. Nondo zilizopata nguvu kwa kupozwa kwa maji kiwandani huweza kulegea zikipashwa moto tena.

Sisi tulio chini ya Mlima Meru twaishi katika ukanda wa Bonde la Ufa. Julai 2007, matetemeko yaliyoanzia karibu na Mlima Gelai yalisikika hadi mjini Arusha. Ardhi ikitikisika, nondo yapaswa kupinda, si kukatika.

Basi nunueni nondo zenye alama ya ubora ya TBS, na mdai risiti. Nondo za nguzo na mikanda zipishanishwe na kufungwa kwa waya. Zisichomelewe ila kwa maelekezo ya mhandisi. Na fundi akichomelea geti, asilimwagie maji. Aliache lipoe lenyewe.