Delta ya Rufiji Haiwezi Kuishi kwa Miradi



Mimi ni muuguzi, si mtaalamu wa mazingira. Lakini kazi yangu imenifundisha kwamba chanjo haisubiri mfadhili. Jokofu likizimika wiki moja, dozi huharibika. Hoja yangu leo ni kwamba mlango wa mto, pale maji baridi yanapokutana na bahari, nao unahitaji fedha za namna hiyo: za umma, za kila mwaka, hata kama ni kidogo.

Hapa Florida tunapoishi tuna mfano. Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda milango ya mito, na leo maeneo 28 yamo. Kila eneo wenyeji, miji na wanasayansi hukaa pamoja, hupanga mpango wao, na serikali kuu hutoa ruzuku kila mwaka. Majimbo na miji huongezea. Mwaka 2017 Ikulu ilipendekeza fedha hizo zifutwe. Bunge lilikataa.

Ghuba ya Tampa imo tangu 1991. Walipunguza uchafu wa majitaka na mbolea, nyasi za baharini wanamozaliana samaki zikarudi, na mwaka 2016 zilizidi hekta 16,000. Kufikia 2022 zilikuwa zimeshuka hadi kama 12,000. Je, zingekuwa fedha za mradi wa miaka mitano, nani angekuwepo kuhesabu na kupiga kelele?

Sasa tugeuke nyumbani. Delta ya Rufiji ina mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya Tanzania, kama hekta 50,000. Kamba na samaki hukulia humo. Kati ya 1998 na 2003 kulikuwa na mradi mzuri wa mazingira kwa fedha za Uholanzi. Muda ulipokwisha, wafadhili wakafunga virago. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inatambua vikundi vya wanakijiji vya kusimamia fukwe, lakini kikundi cha kujitolea kisicho na mafuta ya boti kitamzuia nani?

Na hali imebadilika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme tunauhitaji, silipingi. Ila bwawa lolote hushika tope linalojenga delta, na maji ya mto yakipungua, chumvi hupanda mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Faida inakwenda kwenye gridi ya taifa, gharama inabaki kwa watu wa chini ya mto.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, sehemu ndogo ya mapato ya umeme huo irudi delta kila mwaka, kwa sheria. Halmashauri tayari hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo kutenga kunawezekana. Pili, vijiji vyenyewe viamue matumizi, na hesabu zibandikwe kwenye ubao wa kijiji.

Sisi wa ughaibuni ni hodari wa kuchanga. Tuendelee, lakini mchango ni huduma ya kwanza, si matibabu. Tuwaandikie wabunge wetu kabla ya bajeti ijayo.

Naomba kutoa hoja.