Namba Ndogo Katika Gari Kuukuu

Maneno yaliyosemwa na maafisa wa polisi jamii mbele ya wakazi wa mpakani, Mutukula



Jambo tulilowaitia huenda likaonekana dogo, kwa maana linahusu namba moja tu iliyo kwenye dashibodi ya gari, ile inayoonyesha kilomita zilizotembewa. Hata hivyo, namba hiyo imekuwa ikiwagharimu watu fedha, na mara nyingine imewagharimu majirani kuaminiana. Swali tunaloletewa ni hili: gari la kasi, tuseme Subaru Impreza WRX au Mitsubishi Lancer Evolution, lililoundwa miaka zaidi ya 20 iliyopita, lawezaje kuwa limetembea kilomita 60,000 tu? Wapo wanaouliza kwa kuwa wanataka kununua. Wapo pia wanaotujia kwa sauti ya chini wakisema, "Afande, gari la yule kijana ni la wizi; mita yake haiendani na umri wake."

Tuseme mapema kwamba mita yenye namba ndogo si ushahidi wa kosa lolote. Hatumkamati mtu kwa sababu gari lake limetembea kidogo, wala hatupendi jirani amtie jirani yake doa kwa sababu hiyo. Zipo sababu za haki, tena nyingi, na ni vema zifahamike kabla ya kuzungumzia zile zisizo za haki.

Tuanze na hesabu. Gari lililoundwa mwaka 2003, likiwa na kilomita 60,000 baada ya miaka 20, limetembea wastani wa kilomita 3,000 kwa mwaka, yaani pungufu ya 60 kwa wiki. Kwetu sisi hiyo ni kama hadithi. Noah inayobeba abiria kutoka hapa hadi Kampala na kurudi hupita kilomita 400 kwa siku moja, na kwa mwezi mmoja wa kazi inakaribia 10,000. Sisi tumezoea gari linalolisha watu, na jicho letu hupima kila gari kwa kipimo hicho. Lakini gari la kasi, huko lilikotoka, halikununuliwa lilishe mtu. Lilikuwa la pili au la tatu nyumbani, la kutolewa Jumapili asubuhi, likioshwa kwa muda mrefu kuliko lilivyoendeshwa.

Magari mengi ya namna hiyo tunayoyaona hapa yametoka Japani, na mazingira ya Japani yanaeleza mengi. Mkazi wa mji mkubwa huenda kazini kwa treni. Barabara kuu za mwendo kasi hulipiwa. Gari jipya la binafsi hupelekwa kwenye ukaguzi wa serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo si wa bei rahisi. Kodi ya kila mwaka hufuata ukubwa wa injini, na gari la petroli likizidi miaka 13 kodi hiyo hupanda. Mwenye gari la tabo, linalokunywa petroli ya daraja la juu, hupiga hesabu akaona ni nafuu kuliegesha. Tena sheria ya huko inamruhusu kulifuta kwa muda katika daftari la usajili: gari halilipiwi kodi, halikaguliwi, haliruhusiwi barabarani. Linalala. Miaka mitano ikipita, mita haijasogea hata kilomita moja, na hakuna aliyemdanganya mtu.

Sababu nyingine ni mapenzi, na hilo sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1996 Tommi Mäkinen aliishinda kwa Lancer Evolution. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda kwa Subaru Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns naye kwa Subaru. Kanuni za mbio za zama zile zilimtaka mtengenezaji auzie umma idadi maalumu ya magari yanayofanana na lile la mbio. Ndiyo maana Lancer Evolution ya kwanza, ya mwaka 1992, iliweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Wengi walionunua magari hayo waliyatunza kama kumbukumbu. (Tunafahamu pia kwamba wapo wapenzi wa Subaru wa siku hizi ambao ekzosi zao huwaamsha watoto usiku wa manane. Hayo tuliyasema katika kikao kilichopita na tutayasema tena.)

Halafu kuna soko. Marekani hairuhusu kwa urahisi gari lisilotengenezwa kwa viwango vyake, lakini gari likifikisha miaka 25 kizuizi hicho huondoka. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 ilifunguliwa mlango huo mwaka 2014. Wafanyabiashara wa Japani walipoona umri huo unakaribia, wengi waliyafungia magari ndani wakisubiri bei ipande, na bei ikapanda kweli. Gari likiwa mali ya kuwekeza, kila kilomita inayoongezwa ni fedha inayopungua. Hapo hapo ndipo kishawishi cha kudanganya kilipozaliwa, kwa sababu namba ndogo ilipopata bei, wakapatikana wa kuitengeneza.

Kabla hatujafika kwa wadanganyifu, zipo namba zinazopotosha bila mtu kukusudia. Gari lililotoka Uingereza huhesabu maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Mtu akisoma 60,000 akadhani ni kilomita, amepunguza safari ya gari hilo kwa zaidi ya kilomita 36,000. Jambo la pili ni mita iliyobadilishwa. Magari ya soko la Japani yalifungiwa yasizidi kilomita 180 kwa saa, na mita yake ya mwendo iliishia hapo. Wenye magari ya kasi walipenda kuweka mita ya mbio inayofika 300 au zaidi, na mita mpya huanza kuhesabu kwenye sifuri. Fundi mwaminifu huandika namba ya zamani na tarehe ya kubadilisha. Karatasi ikipotea, ukweli umepotea nayo. Jambo la tatu ni waya. Katika magari ya zamani zaidi mita huzungushwa na waya wa chuma utokao kwenye giaboksi. Waya ukikatika, au ukichomolewa, gari hutembea na namba husimama.

Sasa tuje kwa wanaokusudia. Mita ya magurudumu madogo hufunguliwa kwa bisibisi na kurudishwa nyuma kwa mkono. Ya kielektroniki hurudishwa kwa kompyuta ndogo, na kazi yenyewe haichukui hata muda wa kunywa chai. Kwa hiyo mnunuzi asiisome mita peke yake. Atazame raba ya pedali ya breki, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni, ngozi ya usukani, ukingo wa mkanda wa usalama, na bawaba za mlango. Gari la kilomita 60,000 haliwi na pedali iliyolika hadi chuma. Kinyume chake, pedali mpya kabisa ndani ya gari lenye kiti kilichochanika ni swali la kumwuliza muuzaji.

Iko njia nyingine ambayo wengi huipita bila kuijua. Karakana za Japani zikibadilisha oili hubandika stika ndogo kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, na zikibadilisha mkanda wa taimingi hubandika nyingine karibu na injini. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni hizi hizi zetu: tarehe na kilomita. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya zama za wafalme wao. Katika zama za Heisei, ongeza 1988 kwenye namba mnayoiona: 15 ni mwaka 2003, 20 ni mwaka 2008. Katika zama za Reiwa, zilizoanza mwaka 2019, ongeza 2018. Stika ikisema kwamba mwaka wa 20 oili ilibadilishwa kwenye kilomita 118,000, na leo mita inasoma 62,000, hakuna haja ya kumwita polisi ili mjue la kufanya. Rudisheni fedha mfukoni. Tena mwombeni muuzaji karatasi ya mnada na hati ya Japani ya kufuta usajili kwa ajili ya kuuzwa nje. Namba za kilomita zilizomo humo zilinganishwe na mita, na namba ya chesisi ilinganishwe na ile iliyogongwa kwenye bodi.

Tukiacha udanganyifu, liko jambo linalotusumbua zaidi, nalo linahusu gari ambalo namba yake ndogo ni ya kweli. Watu hudhani gari lililolala ni gari jipya. Sivyo. Raba huzeeka kwa miaka, wala haingoji kilomita. Mkanda wa taimingi wa injini za Subaru na Lancer za zama hizo hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Mwenye gari la 60,000 husema bado ana muda, ilhali mkanda wenyewe una miaka 20. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na injini imekwisha. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewa na kupoteza nguvu pale breki inapopata moto. Hozi hupasuka, na sili hukauka zikavujisha oili.

Hatari kubwa kuliko zote ni tairi. Tairi la gari lililotembea kidogo bado lina kashata nene, linang'aa, linamshawishi mtu kwamba ni zima, na kumbe raba yake imekakamaa isishike lami. Vijana wengi wanamfahamu Paul Walker, mwigizaji wa filamu za magari. Alifariki tarehe 30 Novemba 2013 huko California, akiwa abiria katika Porsche Carrera GT ya mwaka 2005, gari lenye nguvu nyingi lililokuwa limetembea kidogo tu. Rafiki yake aliyekuwa akiendesha alifariki pia. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa mwendo, uliozidi kwa mbali ule ulioruhusiwa katika barabara ile. Lakini walisema pia kwamba tairi zake zilikuwa na umri wa miaka 9, na kwamba huenda zililidhoofisha gari. Matajiri walikuwa na gari la matajiri, na bado tairi zilikuwa kuukuu.

Umri wa tairi husomwa ubavuni, penye herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tunawaomba wenye magari haya, kabla hawajasifu kilomita zao, wainame wasome.

Limebaki la mpaka wenyewe. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, haipokei tena gari la kawaida lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa. Kenya imeweka miaka 8. Tanzania haikufunga mlango kwa namna hiyo. Hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu. Ndiyo kusema, Impreza ya mwaka 2004 yaweza kuwa halali kabisa Kyaka au Bukoba, ina kadi, ina bima, na hata hivyo isiweze kamwe kusajiliwa mara ya kwanza upande huu. Likija kwa matembezi kwa kibali cha forodha, karibu. Likiisha kutembea, lirudi. Anayekuuzia gari hilo hapa kwa bei ya kutupa, akikusifia kilomita chache na kukuahidi kwamba namba ya Uganda itapatikana baadaye, anakuuzia gari ambalo siku moja litakamatwa likiwa mikononi mwako, naye hatakuwepo. Wapo waliouza ng'ombe na kiwanja wakapoteza kwa njia hiyo, na si kazi nyepesi kwetu kumweleza mtu kwamba tunamwonea huruma na bado gari halitatoka yadi.

Kabla ya kulipa hata senti, leteni namba ya chesisi kwenye dawati letu. Tutawasaidia kuiulizia katika hifadhidata ya Interpol ya magari yaliyoibwa. Mwenye gari anayetaka kuuza kwa haki naye aje pamoja na mnunuzi. Haimvunjii heshima, bali huwafunga midomo wanaomsengenya.

Tunaona magari mawili ya namna hii yameegeshwa pale nje chini ya mwembe. Wenyewe wakiridhia, tutoke tukafungue boneti tutafute hizo stika. Fundi wetu ana tochi.