Maudhi ya dawa za homoni yasikimbiwe kimyakimya
Mwanamke wa Ipuli, mjini Tabora, aliyeandikiwa dawa za homoni kwa ajili ya joto la ghafla na kukosa usingizi baada ya kukoma hedhi, huenda akakutana na maudhi mapema: matiti kuuma, kichefuchefu, matone ya damu. Wapo wanaoziacha bila kumwambia mtu. Ni haraka mno, maana maudhi hayo kwa kawaida hupungua ndani ya miezi mitatu, na yasipopungua daktari anaweza kushusha dozi au kubadili kidonge kwa kibandiko cha ngozini.

Wengine watasema dawa hizi huleta saratani. Hofu hiyo ina msingi: mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa, saratani ya matiti ikiwa imeongezeka kwa takriban wagonjwa 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, si karibu 50, umri wa kukoma hedhi. Aliyewahi kuugua saratani hiyo, kweli, hazimfai. Na bibi zetu waliovumilia joto hilo bila dawa? Hawakuwa na la kuchagua. Ukiwa unazitumia, matone ya damu yakiendelea zaidi ya miezi sita, mwone daktari; mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda Hospitali ya Kitete siku hiyohiyo, siyo duka la dawa la jirani.