Pwani ya Chumvi na Pwani ya Maji Matamu



Bwizibwera haina pwani, na huenda mtu akastaajabu kusikia habari za miji ya ufukoni zikisimuliwa hapa kati ya migomba na ng'ombe. Lakini katika makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, leo wamo watu wa pwani mbili: waliotoka Benadiri baada ya vita vya Somalia vya 1991, na waliotoka Uvira na Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, tangu vita vya 1996. Kila mmoja humwona mwenzake kuwa mtu wa bara.

Ama Barawa, ambako Kiswahili chao huitwa Chimwini, ni mji uliofundishwa na upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, nayo hayakuweza kurudi mpaka kusi ivume. Basi mgeni alikaa miezi. Alilishwa, alisomeshwa, na pengine alioa. Huko haraka ni upungufu wa adabu.

Uvira bwana ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu. Mwezi ukipevuka taa hushindwa, na wavuvi hukaa kushona nyavu. Asubuhi dagaa huanikwa mchangani, na wasipowahi jua huoza. Maji yale hunywewa, hayapwi wala hayajai, na chumvi hununuliwa dukani. Mtu wa huko akiondoka msikitini mara baada ya alfajiri, pasipo kuuliza hali za watu mmoja mmoja, asidhaniwe ana kiburi. Kazi imemlea hivyo.

Tena si wageni kama wanavyodhani. Tarika ya Kadiria aliyoieneza Sheikh Uweis wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, ilifika Unguja, ikashika njia ya misafara hata Ujiji, ikavuka ziwa kuingia Kongo.

Nakivale ni pwani ya tatu: ziwa dogo, lina ngege, halina jahazi. Watoto waliozaliwa hapo hawajui kupwa na kujaa ni nini, na wazee walioyaona majahazi ya kaskazi wamebaki wachache. Wazee hao hukaa nje baada ya alasiri. Na saa hiyo mvuvi wa Uvira naye huwa hana kazi.