Somo la Redio: Mchuzi wa Nyama na Karanga

Ndugu wanafunzi wa Kasulu na Kibondo! Kaeni karibu na redio, na mwalimu wenu aandike ubaoni maneno 3: nyama, nyanya, ng'ombe. Tutayasoma mwisho wa somo.

Leo tunapika. Nyama ni ghali, na nusu kilo haishibishi nyumba ya watu 8. Lakini tukiipika kwa karanga, mchuzi huwa mzito na kila mtu hupata wa kuchovyea tonge lake. Karanga twazijua. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ule ukavunjika. Mama zetu, kwa jembe la mkono, wanazivuna mpaka leo.

Kwanza chemsha nyama kwa chumvi na kitunguu mpaka ilainike. Nyama ya ng'ombe mzee yataka saa 2 au zaidi. Supu yake usiimwage.

Nyama ikiwa motoni, mimina karanga vikombe 2 katika ungo, ukae penye mwanga. Hapa ndipo penye kazi hasa. Tazama kila punje. Iliyoota kuvu, iliyosinyaa au iliyogeuka rangi, itupe. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Wengine husema, "Moto utaimaliza." Moto hauimalizi. Ukaange, uchemshe, sumu imo. Wala usiwape kuku, zifukie.

Mvua za kwetu ni nyingi. Basi karanga zikisha kung'olewa zianikwe juu ya mkeka au chanja, si juu ya udongo. Ukitikisa ganda ukasikia punje zikigonga ndani, zimekauka. Ndipo uziweke ghalani.

Haya, zilizo njema zikaange kwa moto mdogo, uzisugue maganda yatoke, pepeta, kisha twanga mpaka zianze kutoa mafuta. Zikoroge kwa supu vuguvugu katika bakuli zisifanye madonge. Kaanga nyanya kwa mawese kidogo tu, kwani karanga zina mafuta yake. Tia nyama na supu iliyobaki, halafu karanga. Punguza kuni. Usiondoke! Koroga mpaka chini kabisa, maana karanga hushika chungu na kuungua upesi. Baada ya dakika 20 hivi mafuta yataelea juu. Epua, mle kwa ugali wa muhogo.

Sasa tazameni ubaoni. Someni pamoja: nya-ma, nya-nya, ng'o-mbe. Angalieni, ng' ya ng'ombe ina alama yake, msiisahau. Kila mmoja aandike daftarini: Nimechambua karanga kabla ya kuzikaanga. Mwalimu atasahihisha. Kwaherini.