Bwaki si tusi

(Maneno yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanamemba)

 

Leo tuongee juu ya neno moja tu: bwaki. Huku kwetu, Masisi hata Walikale, tunalijua wote. Watoto wanatukanana nalo: "Angalia tumbo, we bwaki!" Mama akilisikia, anaona wamemwambia ameshindwa kulea.

Kwenye kituo cha afya, bwaki ni ugonjwa. Waganga wanauita kwashiorkor. Jina hilo halikutoka Ulaya. Ni la lugha ya Ga, kule Ghana; daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa unaomshika mtoto wakati mdogo wake anazaliwa. Bamama wa kule walikuwa wameshaona: mtoto anatolewa kwenye ziwa, anabakia na bugali peke yake. Na sisi tuliorudi tukakuta shamba limekuwa pori, mbegu hakuna, mbuzi hakuna, tunayajua hayo.

Juzi, upande wa Walikale, mama mmoja aliniambia mwanawe ananona. Nikapima mkono: kanda ikaonyesha kijani. Lakini miguu alikuwa ameifunika na kitenge. Nikabonyeza kidole gumba juu ya kila mguu, nikahesabu sekunde tatu. Shimo likabaki, miguu yote miwili. Haikuwa mafuta, ilikuwa maji. Miguu yote ikivimba hivyo, ugonjwa ni mkali, hata kanda ikiwa kijani. Mama alikuwa anaogopa majirani watasema lile neno. Juu ya ile haya, mtoto alikaa wiki mbili nyumbani. Siku ileile tukampeleka. Amepona, lakini ilikuwa karibu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Tuache kutukana mtu bwaki. Tuangalie miguu ya watoto, zaidi yule aliyeacha ziwa, akikosa furaha, akikataa kula, nywele zikigeuka rangi. Na shimo likibaki, twende kituoni leo, si kesho.

Kwenu marafiki: kanda na pakiti za Plumpy'Nut zinatusaidia sana. Lakini kanda haioni maji. Mtusaidie pia kufundisha bamama, kijiji kwa kijiji, kutumia kidole chao. Kidole hakinunuliwi.