Mtoto Mchanga Chomboni

Likizo inakaribia, na wengi wetu tunajiandaa kwenda kuwaona jamaa. Wengine watapanda basi hadi Mokowe, kisha waingie mashua kwenda Lamu, Faza au Kizingitini. Leo tuzungumze juu ya mtoto mchanga na safari ya bahari.

Swali la kwanza: je, mtoto wako amefikia umri wa kusafiri baharini? Pengine umewahi kuziona zile meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa. Meli hizo zina daktari na chumba cha matibabu. Hata hivyo, nyingi hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari ya siku nyingi mbali na nchi kavu hutaka awe ametimiza miezi 12. Kwa nini? Kwa sababu mtoto mdogo hubadilika haraka akiugua, na hospitali iko mbali. Basi ikiwa meli yenye daktari inaogopa, sisi wa mashua tuwe waangalifu zaidi. Kama si lazima, subiri mtoto akue kidogo. Nyanya atamwona likizo ijayo.

Ikiwa ni lazima uende, mpeleke mtoto kliniki kwanza, siku chache kabla ya safari. Chukua kile kijitabu chake. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ile ya surua ya miezi 9, zisipitwe kwa sababu ya likizo. Tarehe ikiangukia ukiwa huko uendako, nenda na kijitabu katika zahanati ya huko. Muulize muuguzi pia juu ya malaria. Mtoto aliyezaliwa Nairobi au Nyeri hana kinga ya kutosha dhidi ya ugonjwa huo. Beba chandarua kilichotiwa dawa, na umlaze ndani yake kila usiku.

Sasa tuingie chomboni. Uliza habari za bahari kabla ya kukata shauri la siku. Kusi huvuma tangu mwezi wa Aprili hadi Septemba hivi, na mnamo Juni na Julai mawimbi huwa makubwa. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali, usiabiri. Mara nyingi asubuhi bahari huwa tulivu kuliko alasiri. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka ungoje kingine. Usione haya. Haraka haraka haina baraka.

Mtoto avae jaketi la kuokoa maisha linalolingana na uzito wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu na kola ya kuinua kichwa. Jaketi la mtu mzima halimfai. Akianguka majini atachopoka. Lijaribu hivi: lifunge, kisha uliinue polepole kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno. Mpigie nahodha simu mapema umuulize kama analo la mtoto. Kama hana, tafuta chombo kingine.

Jambo jingine, mama. Usimfunge mtoto mgongoni kwa leso ukiwa chomboni. Jaketi lako hukuelekeza uso juu ukiwa majini. Mtoto aliye mgongoni atakuwa chini yako, ndani ya maji. Mpakate mbele, ukae katikati ya chombo, mbali na injini na moshi wake. Nawe uvae jaketi lako ulifunge, kwa maana mama asiyeelea hawezi kumshika mtoto.

Jua la baharini ni kali mara mbili: hutoka juu, tena huakisiwa na maji. Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipigwe na jua moja kwa moja. Kaa chini ya turubai au mwavuli, umvishe nguo nyepesi za mikono mirefu na kofia. Lakini usimfunike uso kwa leso nzito. Joto hukusanyika ndani, na hutaona anavyopumua. Beba pia nguo kavu katika mfuko wa nailoni, maana akirowa na upepo ukivuma, atapata baridi hata mchana.

Je, chakula? Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama pekee, hata kukiwa na joto. Hahitaji maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, nawe unywe maji ya kutosha. Ukitapika kwa sababu ya mawimbi, endelea kumnyonyesha. Kutapika kwako hakuharibu maziwa. Usimeze wala kumpa mtoto tembe za kuzuia kutapika bila kumuuliza daktari. Baadhi yake ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na baadhi zitakutia usingizi ukiwa umempakata. Aliyezidi miezi 6 mbebee maji yaliyochemshwa na ndizi mbivu unayomenya wakati wa kumlisha.

Hapa tutie alama. Watoto wa chini ya miaka 2 ni nadra kulewa na bahari. Basi mtoto akitapika tena na tena, usiseme tu, "Ni mawimbi haya." Huenda ni ugonjwa. Mwangalie vizuri, na mkifika nchi kavu mpeleke kituo cha afya.

Mkishafika, jihadharini na maji. Katika visiwa vingi maji ya kunywa hutoka visimani au katika majabia ya kukusanyia mvua. Yachemshe au uyatie dawa kabla ya kumpa mtoto. Akiharisha, mpe ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyoeleza. Wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole. Tembe za zinki za miligramu 20 hutolewa kwa siku 10 hadi 14: nusu tembe kwa siku kwa wa chini ya miezi 6, na tembe nzima kwa aliyezidi umri huo. Nunua ORS na zinki kabla ya kuondoka. Na usiache kumnyonyesha.

Mwisho, mama, zijue dalili za hatari. Mtoto anakataa kunyonya. Anatapika kila kitu. Ana degedege. Analala na haamki vizuri. Anapumua kwa haraka au kwa shida. Utosi umebonyea. Ana homa naye hajatimiza miezi 2. Ukiiona hata moja asubuhi ya safari, usipande chombo. Nauli itapatikana tena. Ukiiona mkiwa kisiwani, usingoje kesho. Homa yoyote huko apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo siku ya kwanza tu ukifika, uliza mambo matatu. Zahanati iko wapi? Nani ana mashua yenye injini, na simu yake ni ipi? Maji hujaa saa ngapi? Sehemu nyingi za kisiwa cha Pate, maji yakipwa chombo hakifiki gatini. Mama anayezijua saa za maji kujaa na kupwa hapotezi muda akitafuta msaada usiku.

Mama msikilizaji, safari njema huanzia nyumbani: kliniki kwanza, jaketi la mtoto, ORS, chandarua, na moyo wa kuahirisha inapobidi. Mweleze jirani yako pia anayejiandaa kusafiri. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia likizo ya afya njema wewe na mtoto. Kwaheri.